Mkunga wa Mwambani: Samaki, Neno na Fasili Yake kwa Mwanafunzi wa Bara

Utangulizi

Mwanafunzi aliyelelewa Mumbuni, pembezoni mwa mji wa Machakos, akipewa sentensi "Mkunga alitoa kichwa pangoni akamng'ata pweza", hana budi kusita. Mkunga anayemfahamu ni yule mama wa kijijini anayewapokea watoto wachanga, au muuguzi wa zahanati aliyesomea kazi hiyo. Hata methali aliyofunzwa tangu shule ya msingi, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo", inamwelekeza huko huko. Kwa nini basi mzalishaji huyu akae pangoni, na pweza amemkosea nini? Akilikimbilia kamusi apate kujitoa katika utata huo, huenda akakuta kidahizo cha pili chenye maelezo machache: samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Atalifunga kamusi akiwa ametambua kuwa mkunga huyu ni samaki. Hata hivyo, hatakuwa amejua kwa nini samaki huyo yumo pangoni, kwa nini anamwandama pweza, wala kama ni yuleyule anayesikika kuwa hukaa mitoni.

Mumbuni iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na msafiri wa barabara hupita zaidi ya kilomita 400 kabla ya kufika Mombasa. Hata hivyo, Kiswahili anachotahiniwa mwanafunzi wa huko kimejaa mwamba, mwani, bamvua, dema na chewa. Maneno hayo yalizaliwa na watu walioitazama bahari kila siku, kisha yakasafiri hadi kwa watu ambao wengi wao hawajaiona. Yanapofika bila maarifa yaliyoyazaa, hubaki kuwa sauti za kukaririwa tu.

Makala haya yanamwangazia mkunga kwa pande mbili. Kwanza yanalichunguza neno lenyewe: ngeli yake, maana zake na uhusiano wa maana hizo. Pili yanamweleza samaki: umbile lake, maisha yake katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, na jamaa zake wanaopanda mito hadi bara. Mwisho yanapendekeza namna anavyoweza kufasiliwa ili msomaji aliye mbali na bahari aambulie kitu.

Mkunga, wakunga na mikunga

Jambo la kwanza linalowatenga viumbe hawa wawili ni wingi wao. Mzalishaji ni mkunga, na wingi wake ni wakunga. Samaki ni mkunga, na wingi wake ni mikunga. Kwa kigezo cha kimofolojia, yaani maumbo ya viambishi vya umoja na wingi, nomino ya kwanza huingia katika ngeli ya M-/WA-, na ya pili katika ngeli ya M-/MI- pamoja na mti, mto na mkono.

Kwa kigezo cha kisintaksia, hata hivyo, nomino zote mbili hukutana. Kwa kuwa samaki huyu ni kiumbe mwenye uhai, upatanisho wake wa kisarufi ni wa A-/WA-. Husemwa "mkunga mkubwa ametoka" na "mikunga wakubwa wametoka", wala si "mikunga mikubwa imetoka". Tabia hii haimhusu mkunga peke yake. Mtume na mitume hufuata njia hiyo, na vivyo hivyo mkizi na mikizi. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuonyesha kuwa umbo la nomino na upatanisho wake ni mambo mawili tofauti atamkuta mkunga yu tayari.

Je, maneno haya mawili ni neno moja lenye maana mbili, au ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti? Swali hili ni la polisemia na homonimia, na kwa mtunga kamusi lina uzito kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua idadi ya vidahizo. Mkunga wa uzazi anakaribiana kimaana na kunga, yaani siri au mafunzo ya faragha, na pia na kungwi, mwalimu wa unyago. Mambo ya uzazi yalikuwa ya faragha, na aliyeyajua alikuwa mtunza siri. Samaki wa pangoni hana nafasi dhahiri katika ukoo huo wa maana. Isitoshe, Wachewa wanaoishi kando ya Ziwa Malawi humwita samaki mrefu wa maji baridi kwa jina hilohilo, mkunga, ilhali ziwa hilo li mbali na mawimbi ya Bahari ya Hindi. Ushahidi huu unaelekeza kwamba jina la samaki ni la Kibantu na lina historia yake yenyewe, lisilotegemea kazi ya kuzalisha. Tofauti ya viambishi vya wingi inaunga mkono hoja hiyo. Kwa hivyo ni sahihi kuwapa viumbe hawa vidahizo viwili.

Umbile lake

Mikunga wa miambani ni jamii kubwa yenye takriban spishi 200 katika bahari za joto ulimwenguni. Wengine hawazidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Aliye mkubwa zaidi kwa unene na uzito katika maji ya Afrika Mashariki, anayejulikana kitaalamu kama Gymnothorax javanicus, aweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 30.

Mkunga hufanana na nyoka kwa umbo, lakini ni samaki kamili. Nyoka wa baharini hupumua kwa mapafu na hulazimika kupanda juu kuvuta hewa, ilhali mkunga hupumua kwa matamvua ndani ya maji. Nyoka ana magamba, ila mkunga wa mwambani hana. Ngozi yake ni nene na imepakwa ute unaomlinda dhidi ya makali ya matumbawe anapojipenyeza katika nyufa. Hana mapezi ya kifuani wala ya tumboni. Aliyo nayo ni pezi moja refu linaloanzia nyuma ya kichwa, likapita mgongoni, likazunguka mkia na kurudi upande wa chini. Kwa kiumbe anayeishi katika matundu, mapezi ya ubavuni yangekuwa kizuizi cha kunasia tu.

Tabia moja imempa sifa mbaya asiyostahili. Aonekanapo pangoni, hufumbua kinywa na kukifumba bila kukoma huku meno yakionekana, na mtazamaji hudhani anatishwa. Ukweli ni kwamba mkunga anapumua. Matundu yake ya matamvua ni madogo, kwa hiyo hulazimika kuyasukuma maji kwa kinywa ili yapite. Hata hivyo, wavuvi hawakosei wanapomwogopa. Akishikwa au akiingiliwa pangoni hung'ata kwa nguvu, na jeraha lake laweza kuoza lisipotibiwa.

Maisha katika mwamba unaopwewa

Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban kila siku moja. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kimo baina ya maji makuu na maji yaliyokupwa hupita mita 3. Miamba mipana ya Kanamai, Vipingo au Diani huachwa wazi, na katika mabonde yake hubaki vidimbwi. Kila kilichobaki humo hukabiliwa na jua kali, maji yanayozidi kupata joto na chumvi, na hewa inayopungua majini. Saa chache baadaye mawimbi hurudi kwa kishindo.

Samaki wa kawaida huondoka pamoja na maji. Baadhi ya mikunga wadogo hubaki, na umbile lao ndilo linalowawezesha. Mwili mrefu na mwembamba huingia chini ya jiwe palipo na kivuli na unyevu, na ute huzuia ngozi isikauke upesi. Zaidi ya hayo, kupwa kwa maji kwao ni msimu wa mavuno, kwa sababu kaa hutoka kutafuta chakula juu ya mwamba. Yupo mkunga mwenye madoadoa meusi mithili ya pilipili manga iliyonyunyizwa, Gymnothorax pictus, anayejulikana kwa kumwinda kaa katika maji haba na hata kuruka nje ya maji kumdaka. Yupo pia Echidna nebulosa, mweupe mwenye mabaka meusi, ambaye meno yake ni butu kwa kuwa kazi yake ni kuponda magamba ya kaa, si kurarua nyama.

Katika mwamba huohuo yumo pia binadamu. Wanawake wa pwani hushuka wakati wa bamvua na fimbo zenye ncha, wakachokoa matundu kutafuta pweza. Pweza na mkunga hupenda makao ya aina moja, na mkunga humla pweza. Basi anayechokoa tundu hana hakika ya atakayemkuta ndani. Sasa sentensi iliyomtatiza mwanafunzi wa Mumbuni inaanza kueleweka: pango, kichwa kinachochomoza, na pweza aliye jirani na pia windo. Mtunzi wa pwani hangeona haja ya kuyaeleza hayo, kwa sababu msikilizaji wake alikuwa ameyaona.

Taya la pili

Sayansi ya karne hii imeongeza mambo ambayo hata wavuvi hawakuweza kuyaona. Samaki wengi wenye mifupa hula kwa kufyonza. Hupanua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kasi yakiwa yamebeba windo. Mkunga aliye katika ufa mwembamba hana nafasi ya kukipanua kichwa chake hivyo. Mwaka 2007, watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California walionyesha katika jarida la Nature jinsi anavyolitatua tatizo hilo. Ndani ya koo lake mna mataya mengine yenye meno makali yaliyopinda. Mara tu mataya ya mbele yanapomkamata windo, yale ya kooni huchomoka mbele hadi kinywani, yakamshika na kumvuta kuelekea tumboni. Samaki wengine wengi pia wana mataya ya kooni, lakini hayo hayatoki mahali pake kwa umbali kama huo.

Kutokana na ugunduzi huo lilizuka swali jingine. Kama mkunga hahitaji maji ya kufyonzea, je, aweza kumeza akiwa nchi kavu? Mwaka 2021 Mehta na mwenzake Kyle Donohoe walichapisha jibu. Mikunga wa spishi ya Echidna nebulosa walifunzwa kupanda ubao ulioinama uliotoka majini. Walichukua vipande vya ngisi vilivyowekwa hapo na kuvimeza bila kurudi majini kwanza. Samaki anayebaki mwambani maji yakikupwa ana sababu ya kuwa na uwezo huo.

Jambo la tatu lahusu ushirikiano. Mwaka 2006 Redouan Bshary na wenzake walieleza waliyoyaona katika Bahari ya Shamu. Chewa wa huko, anapokimbiwa na windo likaingia katika ufa asioweza kuufikia, humwendea mkunga mkubwa pangoni na kutikisa kichwa mbele yake. Mkunga hutoka, wakaongozana. Mkunga hupenya katika nyufa na chewa hungoja nje, windo likawa halina pa kukimbilia. Mara nyingine hufaidika mkunga, mara nyingine chewa.

Mkunga wa mtoni na Mto Athi

Hata hivyo, si kila mkunga ni wa bahari, na hapa ndipo Machakos inapoingia katika habari hii kwa haki yake yenyewe. Jina mkunga hutumika pia kwa jamaa wa mbali wa samaki wa mwambani, yule wa maji baridi aliye katika jenasi ya Anguilla. Huyu ana mapezi madogo ya kifuani, ana magamba madogo sana yaliyozama ngozini, na maisha yake ni kinyume cha yale ya samaki wengi wanaohama. Hutaga baharini, kisha watoto hukulia mitoni.

Katika Afrika Mashariki, mahali pa kutagia hudhaniwa kuwa katika kina cha Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Lava wake ni bapa kama jani na huonekana kama kioo, na hali ni hiyo hiyo kwa lava wa mikunga wa miambani. Mkondo huwachukua kuelekea magharibi. Wafikapo karibu na bara hugeuka kuwa samaki wembamba wasio na rangi, wakaingia katika milango ya mito kama Sabaki na Tana. Humo hupanda, wakiwa wadogo wana uwezo wa kutambaa juu ya mwamba uliolowa pembeni mwa maporomoko. Hukaa mitoni miaka mingi, kisha wanapokomaa hurudi baharini kutaga na kufa.

Sabaki inayoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi ndiyo Galana inayopita Tsavo, na Galana ndiyo Athi inayozungukia nyanda za Machakos. Vijito vingi vya eneo hilo hatimaye humwaga maji yake katika mto huo. Kwa hivyo mwanafunzi anayedhani kuwa mkunga ni jambo la pwani tu amesahau kwamba maji ya kwao na bahari ya Malindi ni njia moja, na mkunga ni mmoja wa viumbe wanaoijua.

Njia hiyo ina vikwazo vyake. Bwawa la Masinga katika Mto Tana, mpakani mwa Machakos, lilikamilika mwaka 1981. Bwawa la Thwake, katika bonde la Athi huko Makueni, lilianza kujengwa mwaka 2018. Mabwawa huwapa watu maji na umeme, lakini ukuta mrefu ni kizuizi kwa samaki ambaye lazima apande akiwa mdogo na ashuke akiwa mzima. Kwa upande wa mwambani, joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, ambayo nyufa zake ndizo makao ya mikunga.

Mkunga wa mtoni asichanganywe na samaki wengine warefu wa bara. Kamongo wa Ziwa Viktoria naye ana umbo refu, lakini ana mapafu na ni wa ukoo mwingine kabisa. Kambare ana sharubu, na mkunga hana.

Namna ya kumfasili

Fasili nzuri huanza kwa kutaja kundi ambamo kitu kimo, kisha hutaja sifa zinazokitenga na wenzake. "Aina ya samaki" inataja kundi na kuishia hapo. "Samaki mrefu kama nyoka" inaongeza sifa moja, lakini sifa hiyo yamhusu mkunga wa mwambani, mkunga wa mtoni, na hata kamongo. Msomaji wa pwani aweza kujaza pengo kwa macho yake. Msomaji wa Mumbuni hana cha kujazia.

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa hapo juu, kidahizo cha samaki chaweza kugawanywa katika maana mbili:

mkunga nm mi- [a-/wa-] 1. samaki wa baharini mwenye mwili mrefu mithili ya nyoka, asiye na magamba wala mapezi ya ubavuni, mwenye meno makali, aishiye katika mapango na nyufa za miamba na kula kaa, pweza na samaki. 2. samaki wa umbo kama hilo mwenye mapezi madogo ya kifuani, akuliaye mitoni na kurudi baharini kutaga.

Inapohitajika kuwatenga bila shaka, hasa katika vitabu vya sayansi, maneno "mkunga wa mwambani" na "mkunga wa mtoni" yanatosha. Yameundwa kwa vipashio vya Kiswahili chenyewe, yanaeleweka kwa kusikika mara moja, na hayamlazimishi mwanafunzi kukariri istilahi ya kigeni. Mfano wa matumizi nao uambatishwe, kwa maana neno huonyesha ngeli yake katika sentensi: "Mikunga wawili wamejificha katika ufa wa mwamba."

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mkunga wa uzazi na mkunga wa majini ni nomino mbili zinazofanana kwa umoja, zikatengana kwa wingi, zikakutana tena katika upatanisho. Yameonyesha pia kwamba maana ya samaki haikamiliki pasipo kujua mwamba anamoishi, maji yanayomfunika na kumwacha, na windo analoliandama. Mambo hayo yote ni sehemu ya neno.

Ipo haja kwa wanafunzi wa Kiswahili walio bara kuyakusanya maarifa ya aina hii kutoka kwa wavuvi, wachokoaji wa pweza na wanabiolojia, kabla ya miamba kubadilika na wazee kuondoka. Mkunga ni kidahizo kimoja tu. Chewa, mkizi, changu, tasi na wengine wengi wanangoja kuelezwa kwa namna itakayomfaa msomaji ambaye hajawahi kuona maji yakikupwa. Kazi hiyo inaweza kuanzia hata Mumbuni, kwa mwanafunzi kuuliza wanaovua katika Mto Athi kama wamewahi kumtoa majini samaki mrefu, mtelezi, mwenye mapezi madogo nyuma ya kichwa, na wao humwita nani.